Nyapara Alipojifuta Mkono

Ukurasa wenyewe niliusomea gereji, pale Gerezani, Dar es Salaam, nikisubiri gari la shemeji yangu libadilishwe bushi. Fundi alikuwa uvunguni, inaonekana miguu tu, na kijana wake amekaa juu ya tairi anampitishia spana. Kila walipomaliza jambo walijifuta mikono kwa tambara moja jeusi lililoning'inia kwenye kioo cha pembeni. Mimi nilikuwa nasoma ushuhuda wa Primo Levi, mkemia wa Turin, Italia, aliyepelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi kule Poland, Februari 1944 kwa kosa la kuzaliwa Myahudi. Nilikuwa nimefika pale anaporudi kutoka kwenye mtihani.

Ndiyo, mtihani. Kambi aliyofungwa, Monowitz, ilikuwa sehemu ya Auschwitz, na iliwekwa pale ili kampuni ya IG Farben ipate watu wa kujenga kiwanda cha mpira usiotokana na mti. Mpira wenyewe haukuwahi kutoka, lakini watu walikufa kwa maelfu wakibeba saruji na vyuma. Sasa wakubwa wakataka wakemia kutoka miongoni mwa wafungwa, na kwa kuwa Wajerumani wale walipenda mambo yao yaende kwa utaratibu, wakaandaa usaili. Levi, kichwa kimenyolewa, matambara mwilini, namba 174517 imechanjwa mkononi, akasimamishwa mbele ya meza safi ya bwana mmoja aitwaye Daktari Pannwitz, akaulizwa maswali ya kemia kwa Kijerumani. Akajibu. Akafaulu.

Aliyekuwa akimrudisha kazini ni Alex. Waliopita jela, au wenye ndugu aliyepita, wanamjua nyapara: mfungwa anayepewa fimbo ya kuwasimamia wafungwa wenzake. Kambini walimwita kapo. Alex alikuwa mhalifu wa Kijerumani, ameletwa kule kwa makosa yake ya kawaida ya jinai, na huyo ndiye aliyewekwa juu ya wasomi wa kemia. Njiani kulikuwa na waya mnene wa chuma umekatiza. Alex akaushika ili avuke, akainuka na grisi nyeusi mkononi. Akautazama mkono. Levi alikuwa ameshamfikia. Basi Alex, bila chuki, bila hata kumkejeli, akaufuta mkono kwenye bega la Levi, kiganja kwanza, kisha mgongo wa mkono, mpaka ukatakata. Safari ikaendelea.

Nikafunga kitabu. Kijana wa fundi akaniuliza, "Vipi bosi, umeboreka?" Nikamwambia hapana.

Sikuwa nimechoka, wala haikuwa kwamba nimemchukia sana Alex. Ule mkono niliujua.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi, Tanga, nyumba ya Ngamiani. Nyumbani kwetu aliishi msichana wa kazi, aliyeletwa na shangazi kutoka milima ya Usambara. Leo vijana wanawaita beki tatu, na neno hilo linachekesha mpaka ukumbuke kwamba wengi wao ni watoto. Huyu wetu sidhani kama alizidi miaka kumi na minne. Sisi tulimwita Dada. Wakati wa kula alipita na jagi la maji na beseni, taulo begani, akianza kumnawisha baba, kisha wageni, akimalizia na mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote. Jumapili moja walikuja wageni wa baba wa kazini. Pilau imeliwa, vidole vinang'aa mafuta. Dada akafika kwangu, akanimwagia maji, na taulo sijui alikuwa amelisahau kwa mgeni wa kabla yangu. Nikanyoosha mikono yote miwili nikaifuta kwenye khanga yake, begani.

Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa. "Huyu," akasema, "huyu atakuja kuwa bwana mkubwa."

Unajua mtoto akichekewa. Jumapili iliyofuata nikarudia, taulo likiwepo. Nikarudia tena bila wageni. Ikawa mazoea yangu, kama mtoto mwingine anavyozoea kunyonya kidole. Dada hakusema kitu. Alikuwa akitulia tu kidogo, kama unavyotulia kupisha mtu aliyebeba mzigo, kisha anaondoka na beseni. Na mimi sikumchukia. Ungeniuliza siku zile ningekwambia nampenda, maana alinichomea mihogo na kuipaka ndimu na pilipili.

Najua wapo watakaoniambia: unathubutuje kuweka khanga yenye mafuta ya pilau kando ya Auschwitz? Siiweki kando. Kwenye treni iliyomchukua Levi kutoka Fossoli, kambi ya Italia, walikuwamo watu 650. Katika behewa lake walikuwa 45, na waliorudi kuyaona makwao ni wanne. Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa Ulaya katika miaka ile. Hakuna kitu cha Ngamiani kinachoingia kwenye mizani hiyo, na anayelazimisha kiingie anawakosea adabu marehemu. Kilichonifanya nifunge kitabu ni kidogo zaidi ya hapo. Ni kwamba nilikuwa nimejifunza kuutafuta ukatili kwenye hasira: macho mekundu, mishipa ya shingo, matusi. Alex hakuwa na hivyo vyote. Alihitaji tambara, na bega lilikuwa karibu.

Kuna habari ya askari polisi wa akiba wa Hamburg, Kikosi cha 101, ambayo inanisumbua kwa namna hiyohiyo. Tarehe 13 Julai 1942 walifikishwa kwenye kijiji cha Józefów, Poland. Walikuwa kama mia tano, wengi watu wazima wenye familia, bandarini na viwandani ndiko walikokuwa wakifanya kazi kabla ya vita. Mkuu wao, Meja Trapp, akawaeleza kwa sauti ya kulengwalengwa na machozi kwamba wameagizwa kuwapiga risasi Wayahudi wa pale, wanawake na watoto wakiwemo, akasema asiyejiweza atoke mstarini. Asiyejiweza atoke! Walitoka kama kumi na wawili. Jioni ilipofika watu wapatao 1,500 walikuwa wamelala msituni. Wale waliotoka hawakupigwa risasi wala kufungwa. Baadaye baadhi ya waliobaki walisema hawakutaka kuonekana waoga mbele ya wenzao. Mzee wetu aliyepaliwa kwa kicheko ananijia kila ninaposoma habari hii, na sipendi anavyokuja.

Lakini sikuanza kuandika ili nizungumze juu ya Alex. Niliandika kwa sababu ya fundi mwashi.

Juni 1944, Levi alipelekwa kuwa saidia fundi. Jengo lilikuwa limeharibiwa na bomu la ndege, na waashi wawili wa Kiitalia walikuwa wakijenga ukuta. Hawa hawakuwa wafungwa. Walikuwa vibarua raia, wameletwa na kampuni ya Kiitalia iliyokuwa na tenda pale. Mmoja wao aliitwa Lorenzo Perrone, mtu wa Fossano, mji mdogo wa Piemonte, mkoa uleule wa Levi. Levi hajawahi kubeba ndoo ya udongo wa kujengea maishani mwake. Akaiinua, ikamponyoka, nusu ikamwagika chini. Lorenzo akamgeukia mwenzake akasema kwa lahaja ya kwao, kwa dharau, maneno ya kama vile: ndiyo hivyo, utategemea nini kwa watu wa namna hii.

Mimi nimejenga, banda la vyumba viwili tu huko Chanika, lakini nimejenga. Sauti hiyo naijua. Kila fundi anamsema hivyo saidia fundi wake, na baada ya hapo unategemea saa sita nzima za matusi. Ila Levi alisikia kitu kingine: alisikia lahaja ya nyumbani. Akamsemesha. Hawakuongea mengi, kwanza ilikuwa hatari, pili Lorenzo hakuwa mtu wa maneno. Siku mbili tatu baadaye akaja na kopo la bati la kijeshi, limejaa supu, akamwambia alirudishe kabla ya jioni likiwa tupu.

Akaleta na kesho yake. Akaleta kila siku kwa miezi sita.

Hakuwa anakata nyama sokoni. Usiku wa manane aliingia jikoni kwenye kambi ya vibarua wa Kiitalia, akakomba masufuria na mabaki ya wenzake. Ndiyo maana ndani ya supu ile kulikuwa na maajabu: kokwa za plamu, maganda ya soseji, siku moja bawa la shomoro na manyoya yake, siku nyingine kipande cha gazeti la Kiitalia. Levi na rafiki yake Alberto waligawana yote. Chakula cha kambi kilipimwa kwa namna ambayo mtu akikitegemea peke yake anadhoofika mpaka anaanguka baada ya miezi michache. Kopo lile ndilo lililojaza pengo. Lorenzo alimpa pia fulana yake yenye viraka, na akamwandikia kadi ya posta kwenda Italia, kwa jina lake mwenyewe, ambayo kwa kupitia marafiki ilimfikia mama yake Levi aliyekuwa mafichoni. Jibu likarudi. Ndani ya Auschwitz, Myahudi akapata barua kutoka kwa mama yake. Kama Lorenzo angekamatwa kwa lolote kati ya hayo, angeingizwa humo humo kambini.

Kuna siku alichelewa, na supu ilikuwa na mchanga na vijiwe. Akaomba radhi kwamba ni chafu. Basi. Ilipita zaidi ya mwaka, wameshaachana na kukutana tena Italia, ndipo Levi alipojua: asubuhi ile bomu lilianguka karibu na Lorenzo, likamfukia kopo kwa udongo na kumpasua kiwambo cha sikio. Alikuja hivyohivyo, sikio limepasuka, akaomba radhi kwa mchanga.

Hapo ndipo huwa nakwama. Si kwenye supu, kwenye ile radhi. Mimi nikimpa mtu lifti mpaka Ubungo namweleza njia nzima jinsi mafuta yalivyopanda.

Tunapenda kuwapanga watu wa kambini kama tunavyopanga watu wa tamthilia, wabaya huku, wema kule. Levi mwenyewe alikataa, na alianza kwa kujikataa yeye. Anasimulia kwamba Agosti 1944 joto lilikuwa kali na hakukuwa na maji ya kunywa. Katika kusafisha vifusi kwenye chumba cha chini ya ardhi akaona bomba limesimama ukutani, lina koki, na ndani yake mlikuwa na maji kidogo, labda lita moja. Angeweza kuwaambia kikosi kizima, kila mmoja angepata tone. Angeweza kunywa peke yake. Akamwambia Alberto tu. Wakalala chini kwa zamu, wakakinga midomo. Wakati wa kurudi, mwenzao mmoja, Daniele, aliyekuwa amejaa vumbi la saruji mpaka midomoni, akawa ameshawaona walivyolala pale chini, akaelewa. Baada ya ukombozi, huru kabisa, Daniele akamuuliza: kwa nini nyinyi wawili na mimi hapana? Levi aliandika habari hiyo miaka mingi baadaye, mzee, na ilikuwa bado inamwaibisha. Walioua hawakuwa na aibu. Aliyekunywa nusu lita ya maji ndiye aliyelala nayo miaka arobaini.

Sheria ya kambini, anasema, ilikuwa ule mkate wako, na ukiweza ule na wa jirani. Ndiyo maana kuna jioni moja anaieleza kama mtu anayeeleza kuzaliwa kwa mtoto. Tarehe 18 Januari 1945 Wajerumani waliwaswaga wafungwa wanaoweza kutembea, jeshi la Urusi likikaribia. Alberto aliondoka na msafara ule, hakurudi. Levi alikuwa mahututi kwa homa ya vipele vyekundu, akaachwa na wagonjwa wenzake wafe kwa baridi. Yeye na Wafaransa wawili, Charles na Arthur, wakajikokota kwenye theluji, wakapata jiko la chuma na viazi, wakaliburuta mpaka wodini, wakawasha moto. Joto lilipoanza kuenea, mgonjwa mmoja akatoa wazo kwamba kila mtu awakatie hawa watatu kipande cha mkate wake, kwa sababu wamefanya kazi. Wote wakakubali. Jana yake tu, Levi anasema, jambo hilo lisingefikirika. Warusi walifika tarehe 27.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Sijui ni mara ngapi nimeisikia kwenye mawaidha, na sijawahi kusikia mtu akiuliza mtenda wema anakwenda wapi. Lorenzo alikwenda kwao kwa miguu, kutoka Poland hadi Italia, miezi kadhaa. Alipita Turin akamtafuta mama yake Levi, akamwambia asimsubiri mwanawe, Wayahudi wa Auschwitz wamekufa wote. Mama akampa nauli ya treni amalizie safari. Akakataa. Levi aliporudi, Oktoba 1945, naye akamtafuta Fossano, akamkuta amechoka. Si kuchoka kwa miguu. Alikuwa ameuona ulimwengu, haukumpendeza, na hakuona sababu ya kukaa humo. Aliacha uashi, akawa anauza vyuma chakavu, anakunywa mvinyo, analala nje kwenye baridi. Levi akamtafutia hospitali, lakini mule hawakumpa mvinyo, akatoroka. Alikufa mwaka 1952, baada ya kuokotwa hajiwezi. Katika mazungumzo yao ya mwisho mwisho ndipo Levi alipogundua kwamba kule kambini hakuwa akilishwa peke yake. Lorenzo alikuwa akisaidia na wengine, na alinyamaza ili asionekane anajisifu. Levi, aliyechanjwa namba, alioa, akazaa, akafanya kazi kiwanda cha rangi karibu miaka thelathini. Aliyekuwa huru, mwenye kopo, ndiye ambaye kambi ilimmaliza.

Levi alimpa binti yake jina la Lisa Lorenza, na mwanawe akamwita Renzo. Mwaka 1998 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem ikamwandika Lorenzo kwenye orodha ya watu wa mataifa mengine waliookoa Wayahudi. Lakini mimi lile la watoto linanigusa zaidi. Sisi tunajua maana ya kumpa mtoto jina la mtu.

Na kwa kuwa nimegusa majina, niseme la mtu wetu mmoja, maana hakuna anayemsema. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na akiwa bado mtoto akaingizwa kwenye jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Hakulipwa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa hoteli, akaigiza nafasi ndogondogo kwenye filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu, kuwafundisha Wajerumani waliotarajia siku moja kurudi kututawala. Jina lake huko likawa Bayume Mohamed Husen. Hakuwa Myahudi, na habari yake si ile ya Wayahudi. Lakini sheria zilezile za Wanazi za kubagua watu kwa damu zilimpata. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, nje ya Berlin, na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwezi huo Lorenzo alikuwa bado analeta supu Monowitz. Kule Sachsenhausen sijui kama kulikuwa na wa kumletea mwalimu wa Kiswahili kopo. Tangu 2007 kuna kijiwe cha shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi, kina jina lake.

Gari la shemeji lilikamilika saa kumi na moja. Fundi alinipa mkono kwa kifundo, kama wafanyavyo wakiwa na grisi, ili asinichafue.

Nilipofika nyumbani nikampigia mama, Tanga. Shikamoo, marahaba, umekula, mvua vipi huko. Kisha nikamuuliza yule dada tuliyekuwa tukiishi naye Ngamiani, wa milimani, alikuwa anaitwa nani.

"Dada yupi?" mama akasema. "Walikaa watatu."

Mimi miaka yote nilijua ni mmoja. Nikasema yule aliyekuwa ananichomea mihogo.

"Wote walikuwa wanakuchomea mihogo."

Nikamwambia basi yule niliyekuwa namfutia mikono kwenye khanga. Mama alinyamaza kidogo, nikasikia redio yake nyuma, kisha akacheka.

"Wewe? Hebu acha. Wewe ulikuwa mtoto mwenye adabu, hata wageni wa baba yako walikuwa wakikusifu."